Samahani, Dereva

Jikoni, shule ya bweni
Jumatano, 6 Machi

Mdogo wangu Chapuchapu,

Nimeamua kuandika kwa sababu simu yako ina tabia mbaya. Ukiona mazungumzo yanaelekea pabaya unasema "dada, naingia zamu," halafu kimya. Barua haina pa kukatia. Nimempa yule mwenzako mwenye kitambi anayeendesha basi la asubuhi, na ameniahidi atakutia mkononi.

Ijumaa uliniambia mama ameteleza bafuni, kaumia nyonga kidogo. Nikakuamini. Leo nimepigiwa simu na jirani yetu fundi cherehani, ananipa pole kwa mama kuvunjika ndani ya basi. Anasema alishushwa amebebwa na wanaume wanne, uso mweupe kama unga. Nimebaki na mwiko mkononi mpaka uji ukaungua, na bweni zima limekunywa uji wenye harufu ya moshi.

Sasa niambie, bafuni au basi? Na kama ni basi, lilikuwa la nani na liligonga nini? Wewe ni dereva wa hayo hayo mabasi ya mjini, usiniambie hujui. Mama kwa simu hasikii, ndiyo maana nakubana wewe.

Ningepanda gari leo hii. Lakini mwenzangu wa jikoni amejifungua, mitihani imeanza, na mkuu wa shule amesema nikiondoka sasa nisirudi. Kwa hiyo macho yangu huko ni wewe. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Dada yako

*

Nyumbani
Ijumaa, 8 Machi

Shikamoo dada,

Ni basi. Nilisema bafuni kwa sababu nakujua, ungeacha masufuria motoni ukaja mbio na kazi ikapotea. Nisamehe kwa hilo.

Ilikuwa hivi. Mama alikuwa anatoka sokoni, kapanda basi letu moja. Kituo chake kilipokaribia akasimama na basi bado linakwenda. Mwendesha baiskeli akakatiza, dereva akakanyaga breki, mama akaanguka hadi kwenye ngazi za mlango wa mbele. Mfupa wa nyonga ukavunjika. Walingoja shinikizo la damu lishuke, na jana ndipo wamemfanyia upasuaji na kumtia chuma. Daktari anasema upasuaji umekwenda vizuri na atatembea, mradi atake mwenyewe. Anasema wazee wengi mfupa unaunga vizuri tu, ila woga unawabakisha kitandani mpaka miguu inasahau kazi.

Umeuliza liligonga nini. Halikugonga kitu, hata kioo hakikupasuka. Kwa hiyo ofisini kwetu jambo lenyewe halina jina. Basi likigonga ni ajali. Abiria akianguka ndani, basi, abiria kaanguka. Mkaguzi alikuja wodini, akamuuliza mama maneno mawili matatu, akaondoka.

Dereva ni mmoja wetu, si mtu mbaya, na ana watu wanaomtegemea. Nakuomba usiandike kokote. Mwezi ujao nafanywa mkufunzi wa madereva wapya, unajua nimeingoja nafasi hiyo muda gani. Sitaki habari za familia yetu zizunguke ofisini wakati huu.

Mama anakusalimu. Anasema usilie.

Mdogo wako

*

Jikoni
Jumapili, 10 Machi

Shikamoo mama,

Najua umelazwa, lakini miwani unayo na macho unayo, kwa hiyo nakuandikia wewe mwenyewe. Mdogo wangu ananieleza mambo kwa kijiko, na kila kijiko kina sukari.

Nataka kujua kwa maneno yako. Ulikuwa umeshika wapi? Dereva alikuwa anakwenda kasi? Alishuka kukuangalia, au alikaa tu kwenye kiti chake kama bwana? Mwanao anamtetea huyo mtu mpaka nashangaa, utadhani ni yeye aliyevunjika.

Hasira zimenishinda, mama. Jana nimetuma barua ya malalamiko ofisi ya mabasi. Nimewaambia dereva huyo atajwe, aitwe, na asishike tena usukani wa gari la watu. Mdogo wangu alinikataza, lakini yeye ana ukufunzi wake wa kulinda, mimi nina mama.

Kula. Najua chakula cha hospitali hakina chumvi, kula hivyo hivyo. Na wakikuambia usimame, simama.

Mwanao wa kwanza

*

Wodini
Jumatano, 13 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Naandika nimelala, ndiyo maana mistari inapanda mlima.

Umefanya haraka. Hayo malalamiko yafute. Huyo dereva hana kosa, niliyesimama ni mimi. Unajua mdogo wako anavyotuchekesha mezani na habari za wazee kwenye basi. Basi limeshasimama, watu wamejaa, bibi ndiyo kwanza anatafuta fimbo, halafu mkoba, halafu anaanza kuaga mtu mmoja mmoja. Nilikuwa nacheka na nyinyi, lakini yaliniingia. Tangu hapo nikipanda basi, kituo kikiwa bado mbali mimi nimeshanyanyuka. Sitaki mtu achelewe kwa ajili yangu, na mtoto wa mwenzangu aliye kwenye usukani naye ana muda wake wa kufika. Ndiyo hivyo nikaanguka. Uzee umenipiga chenga, hakuna mwingine.

Usiseme alikaa kwenye kiti kama bwana. Alikuja mbio, akapiga magoti, akaniwekea sweta chini ya kichwa. Lile la kijivu ulilomfumia, limeingia damu ya kiwiko changu, nimemwambia aliloweke kwa maji baridi lakini wanaume hawasikii, atakuwa amelimwagia maji ya moto.

Mkaguzi nimeshamwambia kwamba sina lawama. Mwuguzi ananiletea fremu ya kutembelea kila asubuhi, nami namwambia kesho. Nisimame niende wapi? Kusimama ndiko kulikonileta huku. Mwenzangu wa kitanda cha jirani anakoroma kama jenereta, lakini ni mtu wa heri.

Mama yako

*

Jikoni
Jumapili, 17 Machi

Wewe,

Ni wewe.

Mama hajui alichoandika. Ameeleza jinsi dereva alivyomwekea sweta chini ya kichwa, kisha akataja lile la kijivu nililokufumia wewe. Nimeusoma mstari huo mpaka karatasi imelainika. Mikononi mwako, mdogo wangu. Mama kaangukia kwenye ngazi za basi ulilokuwa unaendesha, na wewe ukaniandikia kuhusu "mmoja wetu, si mtu mbaya."

Na mimi nimeshakushtaki. Kwa mwandiko wangu. Jana wamenijibu, kikao kitakuwa Alhamisi ya tarehe nne Aprili, na mama ataombwa aeleze akiweza kufika. Hawajanitajia dereva, wanasema tu "mhusika." Wanauliza kama bado nasimama na malalamiko yangu. Tangu jana nina roho mkononi, kila mtu jikoni ananiuliza kama nimefiwa.

Lakini kuna kitu kinanikereketa. Kama baiskeli ilikatiza, breki ni breki, usingeikanyaga ungeua mtu. Hakuna wa kukulaumu, hata mimi. Mtu hafichi breki aliyolazimika kuikanyaga. Kwa nini basi umemwacha mama akutaje kama dereva asiyemjua? Kwa nini umenidanganya mara mbili?

Niambie yote, ndipo niamue kama nafuta au sifuti.

Dada

*

Nyumbani
Jumatano, 20 Machi

Shikamoo dada,

Hakukuwa na baiskeli.

Nimeandika sentensi hiyo nikatoka nje, nikarudi. Sasa naandika bila kusimama, nikisimama sitaendelea.

Basi letu watu wanapandia mlango wa nyuma, wanashukia wa mbele. Wakishapanda wanaganda pale pale mlangoni, mbele kweupe, nyuma mtu hawezi kugeuka. Kondakta anaita "songeni mbele" mpaka koo linakauka na hakuna anayesonga. Madereva tuna dawa yetu ya jambo hilo. Unakwenda mwendo wa kawaida, halafu unagusa breki mara moja, kijuujuu, unaachia. Watu wote wanakuja mbele wenyewe, nafasi inapatikana, unaendelea na safari. Tunaita kuwapanga. Alinifundisha Mzee Gia, mkuu wetu wa madereva, wiki ya kwanza ya kazi, naye alifundishwa na waliomtangulia. Kila mtu anafanya. Wewe mwenyewe nilikuonyesha mezani kwa sinia la mchele, nikalisukuma nikalizuia ghafla, mchele wote ukakimbilia upande mmoja. Ukacheka mpaka ukakohoa.

Siku ile nyuma palijaa. Nikatazama kioo, nikaona vichwa vimebanana mlangoni. Mbele sikumwona mtu, mama ni mfupi, na kiti kilimficha. Sikujua hata kama amepanda. Kumbe yeye alishaniona kisogo na hakuniita, maana nilimkataza siku nyingi kunisemesha nikiwa kazini. Nikagusa breki. Wale wa nyuma waliangukiana, wakacheka, mmoja akanitukana kama kawaida. Mama alikuwa amesimama peke yake pale palipo wazi, hana wa kumwangukia. Alikuja mpaka kwenye ngazi, karibu na mguu wangu.

Nilisimamisha gari. Kabla sijamfikia aliinua uso, akanitazama, na akasema, "Samahani, dereva. Nimekuchelewesha."

Dada, hakuniita mwanangu. Aliona abiria wote wananitazama, akaelewa nitakuwa matatani, na pale pale chini, mfupa umevunjika, akanifanya mtu baki. Nami nikajibu, "Pole, bibi." Nilimwita bibi. Nikavua sweta ili nipate kitu cha kufanya na mikono.

Sikumwomba amwambie mkaguzi chochote. Alisema mwenyewe, mimi nilinyamaza tu. Anaamini ameanguka kwa sababu alisimama. Hajui kuhusu ile breki. Kwake ilikuwa breki ya kituo.

Nikisema ukweli, ukufunzi umekwenda na usukani umekwenda. Nani atamtunza? Wewe na mshahara wa jikoni? Tafadhali dada, futa.

Mdogo wako

*

Stoo ya shule
Jumapili, 24 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako na ya mama zimefika kwa basi moja. Nimezisomea stoo, nimekaa juu ya gunia la maharage na mlango nimeufunga kwa ndani. Nilianza na yako. Nilikasirika, halafu nikaukumbuka ule mchele. Nilicheka kweli. Niliomba unionyeshe tena. Kwa hiyo sikuandikii nikiwa juu ya mimbari.

Nilikuwa nimeshaamua kufuta. Kalamu ilikuwa mkononi. Halafu nikafungua ya mama. Nakunakilia sehemu moja, isome polepole:

"Wamesema nitatoka Jumanne. Nikifika nyumbani mniache chumbani kwangu, sihitaji kutoka tena. Mtu akishakuwa wa kuchelewesha watu na kuwatia matatani, bora akae. Nimemwambia mwuguzi asihangaike na ile fremu, awape wenye safari."

Unaona alikofika? Daktari alikuambia kwa mdomo wake, atatembea akitaka. Hataki. Na hataki kwa sababu anadhani amejivunja mwenyewe kwa uzembe wa uzee. Anaona haya, mdogo wangu. Mama yetu, aliyekuwa anavuka barabara huku akiwanyooshea madereva kidole, amelala anaona haya kwa breki uliyoigusa wewe.

Nikifuta, kikao hakipo, wewe unapata kofia yako ya ukufunzi, unawafundisha vijana kuwapanga watu kama mchele, na yeye anabaki kitandani mpaka miguu isahau kazi. Hivyo ndivyo itakavyokuwa, hata ukiuzungusha vipi.

Sifuti. Na kumwambia mama simwambii mimi. Maneno hayo yana mdomo wake, nao ni wako. Ukiyasema nyumbani kabla ya kikao, vizuri. Habari ya kula isikutishe, tutakula nilichonacho. Tumewahi kula kidogo kuliko hicho.

Dada

*

Nyumbani
Alhamisi, 28 Machi

Dada,

Mama yupo nyumbani tangu juzi. Nimemwekea kitanda karibu na dirisha, fremu nimeiegemeza ukutani mahali anapoiona. Jana ameitundikia kitenge chake, eti imepata kazi.

Nimejaribu mara mbili. Ya kwanza nilikuwa namenya machungwa, nikasema, "Mama, siku ile kwenye basi." Akanishika mkono, akasema siku ile imekwisha, na kwamba nikianza kufundisha atafurahi hata kama hataweza kuja kuona. Alisema kwa uchangamfu kabisa. Nikamaliza kumenya chungwa.

Ya pili nilisimama mlangoni, yeye hakusikia nimefika. Alikuwa anazungumza na miguu yake. Aliipiga kofi, si kwa nguvu, akaiambia, "Mmeniaibisha." Nikarudi nyuma nikatoka nje kabisa.

Mzee Gia alipita leo na matunda. Alimpa mama pole, kisha akanivuta nje akaniambia kikao ni cha kupitisha muda tu, mama mwenyewe keshasema alisimama, basi halikugonga kitu, kitafungwa kabla ya chai. Akanipigapiga bega. Akasema, "Ila mambo ya kazini yabaki kazini." Nilielewa anachosema.

Ninaogopa, dada. Si kufukuzwa peke yake. Ninaogopa uso wake akishajua.

Mdogo wako

*

Jumapili, 31 Machi

Mdogo wangu,

Uso wake ninaufahamu, nimeuogopa kabla hujazaliwa. Utapona.

Kikao ni Alhamisi.

Dada

*

Nyumbani
Ijumaa, 5 Aprili

Shikamoo dada,

Nakueleza kama kilivyokwenda.

Chumba ni kile cha juu cha ofisi, chenye meza ndefu na feni isiyozunguka. Tulimpandisha mama na kiti chake cha magurudumu, madereva wawili mbele, mimi nyuma. Palikuwa na mwenyekiti, mkaguzi, Mzee Gia na madereva wengine waliotaka kusikiliza. Malalamiko yako yalisomwa. Waliposema "asishike tena usukani wa gari la watu," nilitazama sakafu.

Mkaguzi akamuuliza mama kwa sauti kubwa, karibu na sikio. Mama alikuwa amejiandaa. Alisema yeye ni mzee, alisimama mapema, hakushika bomba vizuri, dereva alikuwa na adabu na hana kosa lolote. Kisha akaongeza jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Akasema anaiomba ofisi radhi kwa usumbufu. Mwenyekiti akatabasamu, akamshukuru, akasema abiria wote wangekuwa na uelewa kama huo kazi ingekuwa rahisi. Watu wakaanza kusogeza viti. Mzee Gia akaniangalia, akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesema, nilikuambia.

Kilichoniondoa kwenye kiti ni lile neno radhi. Siku ile kaniomba mimi, jana anawaomba wao. Nikasimama nikasema nina la kusema. Mwenyekiti akasema si lazima. Nikasema ni lazima. Nikasema huyu ni mama yangu mzazi. Nikasema breki haikuwa ya kituo wala ya hatari, niliigusa makusudi ili niwapange watu wa nyuma, kama ninavyofanya kila siku, na sikutazama vizuri mbele. Nikasema bila ile breki angeshuka salama, amesimama mapema au hakusimama.

Hakuna aliyeniuliza kuwapanga ni nini. Wote walijua. Madereva waliangalia viatu vyao, na Mzee Gia alianza kutafuta kitu mfukoni ambacho nadhani hakikuwepo.

Mama alikuwa ananitazama midomo. Akamgeukia mkaguzi, akauliza, "Amesema nini?" Mkaguzi akainamia karatasi zake. Akamuuliza mwenyekiti, naye akajifanya anafuta miwani. Ikabidi nipige magoti mbele ya kiti chake nirudie, kwa sauti kubwa, neno kwa neno, mbele ya watu wote. Mara ya kwanza nilikuwa nawaambia ofisi. Mara ya pili ndiyo ilikuwa ngumu.

Hakulia. Hakunipiga, ingawa nilitamani. Alisema, "Kwa hiyo si mimi."

Nikasema, "Si wewe, mama."

Akawaambia wale madereva wawili wamshushe. Mimi alinipita kwa macho kama nguzo.

Ukufunzi hakuna. Usukani wameniondoa, nitaosha mabasi uani mpaka waamue zaidi. Mzee Gia alinisubiri chini ya ngazi, akasema nimewavua nguo wote, nikasema ndiyo. Leo asubuhi nasikia wamekatazwa kuwapanga watu, na wengine wananituhumu kwamba nimewaharibia kazi. Sijui kama katazo litadumu.

Lakini dada, sikiliza. Tulipofika nyumbani nilitaka kumsukuma hadi chumbani. Akanyoosha mkono kuniambia ngoja. Akaitaka fremu. Akakivuta kile kitenge, akakitupa kitandani, akasimama. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, na alikuwa na hasira ambayo sijaiona tangu utoto. Alitembea mwenyewe kutoka mlangoni hadi chumbani kwake, akisimama, akienda tena, na mimi sikuthubutu kumshika. Halafu akanifungia mlango.

Mdogo wako

*

Chumbani kwangu
Jumapili, 21 Aprili

Kwa mwanangu wa chumba cha pili,

Nakuandikia na tunaishi nyumba moja kwa sababu nikisema kwa mdomo nitalia, nikilia utanikumbatia, na mambo yataishia hapo. Sitaki yaishie hapo.

Dada yako ameniandikia. Anasema nimeshakuadhibu vya kutosha kwa kimya, na kwamba unarudi umelowa maji ya kuoshea mabasi, unakula peke yako jikoni. Nakuona, si kipofu. Sipigi kimya ili nikutese. Nilikuwa natafuta ni kipi hasa kinachoniuma, maana vilikuwa vingi vimerundikana.

Breki si yenyewe. Breki ulifundishwa ukiwa kijana na ukaifanya bila kufikiri, na hukujua nipo. Mfupa nao unaunga. Hata kuniita bibi nimekusamehe, maana niliyeanza kukukana ni mimi, nikidhani nakuficha.

Kinachoniuma ni kwamba nilijilaumu mwezi mzima na wewe unaniangalia. Kila jioni ulikuja na machungwa, ukamenya, ukakaa. Nilikuambia mimi ni mzee mzembe, hukusema kitu. Nilikuambia sitatoka tena nje, ukaniwekea kitanda karibu na dirisha. Nilikuomba samahani nikiwa nimelala chini miguuni pako, na wewe ukaipokea, mwanangu. Ukaiweka mwezi mzima.

Hapo ndipo panapouma, na hapo sijakusamehe bado. Nikikusamehe nitakuambia. Usiwe unanichungulia kila asubuhi kuona kama tayari.

Mbele ya wale watu ulisema kweli ulipoweza kunyamaza, na nilijivunia kidogo, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko fahari. Sasa zinakaribia kulingana. Ofisi wakiamua wakurudishe au wasikurudishe, shauri lao, wewe utakuwa mwanangu vile vile na utakula nyumbani kwangu, mezani, si jikoni.

Kesho nakwenda kliniki. Fundi cherehani amejitolea kunitafutia teksi, nimekataa. Nitapanda basi. Ukitaka kunisindikiza, nisindikize, ila utakaa kiti cha abiria na hutanishika mpaka nikuombe. Kituo kikikaribia nitabaki nimekaa. Sitanyanyuka mpaka lisimame kabisa.

Na dereva akichelewa, achelewe.

Mama yako